Sura ya Tano: Nani Aliyasikia Maneno ya Chu Ni?

Katika mwaka 607 K.K. mtawala wa dola ya Jin, kaskazini ya Uchina, alichoka kusikia nasaha za waziri wake Zhao Dun, ambaye hakuacha kumkanya juu ya israfu na ukatili wake, akamtuma mtu mmoja hodari, jina lake Chu Ni, aende akamwue. Chu Ni alifika alfajiri, akakuta milango ya chumba imekwisha funguliwa na waziri amekwisha vaa mavazi yake ya barazani, naye, kwa kuwa saa ya kuhudhuria mbele ya mtawala ilikuwa haijawadia, ameketi huku amefumba macho kwa usingizi mwepesi. Muuaji alirudi nyuma, akasema peke yake kwa majonzi kwamba kumwua mtu ambaye hausahau wajibu wake hata pale asipoonekana ni khiyana kwa raia, na kuiasi amri ya bwana wake ni khiyana kwa bwana, na kwamba kwa aliyenaswa baina ya khiyana mbili kifo ni bora. Kisha akakipiga kichwa chake kwenye mti uliokuwa uani, akafa.

Kisa hiki kimo katika Zuozhuan, kitabu cha tarikhi kilichotungwa yapata karne ya 4 K.K., ambacho kinafuata mwaka kwa mwaka mambo ya madola ya Uchina tangu 722 K.K. hata 468 K.K., na ambacho wasomi wa nchi ile walikihesabu miongoni mwa vitabu vyao vitukufu kwa karne nyingi. Hakisimuliwi kama ngano, bali kama jambo lililotukia, katika mwaka uliotajwa na dola iliyotajwa. Hata hivyo aliyeyasema maneno yale alikufa papo hapo, mwenye nyumba alikuwa amesinzia, na uani hapakuwa na mtu wa tatu. Ji Yun, mwanachuoni mkuu wa karne ya 18 ambaye mfalme Qianlong alimkabidhi usimamizi wa kukusanya vitabu vyote vya dola, aliuliza swali ambalo bila shaka wengi kabla yake walikuwa nalo moyoni: maneno yale ya chini ya mti, nani aliyasikia? Na katika mwaka 1979 Qian Zhongshu, mwenye elimu ambayo ni nadra kuonekana kwa mtu mmoja, alilijibu katika kitabu chake Guanzhui bian kwa kusema kwamba mwandishi wa tarikhi, akitaka kueleza mambo ya watu waliokwisha kufa, hana budi kujitia mahali pao, kupima kwa akili yake lile ambalo mtu wa tabia ile katika hali ile angelisema, na kumsemea. Na kwamba kazi hiyo ni jamaa wa karibu sana wa kazi ya mtunga riwaya na mtunga tamthilia.

Katika jibu hilo ndimo ulimo msingi wa sura hii. Watu wengi wanapofikiri juu ya asili ya hekaya hufikiri juu ya mashairi ya mashujaa, juu ya miungu na vita vyao, kama ilivyokuwa kwa Wayunani na kwa Wahindi. Lakini hekaya ya Kichina ilikulia katika nyumba ya tarikhi, ikajifunza kusema kwa kuwasikiliza makarani wa wafalme, ikachukua kwao umbo la habari, kiti cha hukumu, na, zaidi ya yote, ile ruhusa ya kuingia katika moyo wa mtu ambaye hakuna awezaye kumwuliza. Pamoja na ruhusa hiyo ilirithi deni lake, yaani swali la Ji Yun, na deni hilo liliifuata kwa karne nyingi kabla haijapata njia ya kulilipa.

Ili kuyafahamu hayo yafaa tujue kwanza cheo cha mwandishi wa tarikhi katika Uchina ya kale, maana hakuwa karani wa kuandika lililotokea tu. Yule mtawala wa Jin, baada ya Chu Ni kufa, aliendelea na jitihada za kumwangamiza waziri wake, hata Zhao Dun akakimbia. Naye kabla hajavuka mpaka, jamaa yake mmoja akamwua mtawala. Zhao Dun akarudi. Mwandishi wa tarikhi wa dola, aliyeitwa Dong Hu, akaandika kwamba Zhao Dun ndiye aliyemwua bwana wake, akayaonyesha maandishi hayo hadharani katika baraza; na waziri alipopinga, Dong Hu alimjibu kwamba yeye alikuwa waziri mkuu, hakuvuka mpaka, na aliporudi hakumwadhibu mwuaji, basi kama si yeye ni nani? Zuozhuan yasema kwamba Confucius alimsifu Dong Hu kuwa ni mwandishi mwema wa kale, asiyeficha. Miaka 59 baadaye, katika dola ya Qi, waziri aliyeitwa Cui Zhu alimwua mtawala wake, na mwandishi wa tarikhi akaliandika tendo hilo kwa jina la mtendaji. Cui Zhu akamwua mwandishi. Mdogo wake akaandika vilevile, akauawa. Na mwingine tena akaandika, akauawa. Na aliyefuata akaandika, naye akaachwa. Mwandishi mwingine aliyekaa kusini, aliposikia kwamba ndugu wale wamekufa wote, alizichukua mbao zake za kuandikia akaja kulikamilisha neno, na alipoambiwa njiani kwamba limekwisha andikwa alirudi kwake.

Mtu aliyesoma visa hivyo tangu utotoni hawezi kudhani kwamba kuandika habari ya mtu ni jambo la kuchangamsha wageni. Kuandika kulikuwa ni kuhukumu, na hukumu ile iliwakuta hata wale ambao upanga na mahakama haviwezi kuwagusa. Kila mtunga hekaya wa Kichina aliyekuja baadaye, hata yule aliyesimulia habari za mbweha na majini, aliandika akiwa na kivuli cha ndugu wale mbele yake.

Lakini aliye mkuu kuliko wote ni Sima Qian. Baba yake, Sima Tan, alikuwa mwandishi mkuu wa mfalme Wu wa ukoo wa Han, na alipokuwa akifa mwaka 110 K.K. alimshika mwanawe mkono, akamwusia kwa machozi asiiache kazi ya kuandika tarikhi ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuimaliza. Katika mwaka 99 K.K. jemadari Li Ling alizingirwa na Waxiongnu, maadui wa Han wa kaskazini, akajisalimisha, na baraza zima likamlaani. Sima Qian peke yake akasimama kumtetea. Mfalme aliyachukua maneno yale kuwa ni matusi, na Sima Qian akahukumiwa. Fedha za kujikomboa hakuwa nazo, na mtu wa heshima katika hali ile alitazamiwa ajiue. Naye akachagua kuhasiwa, fedheha iliyohesabiwa kuwa mbaya kuliko kifo, kwa sababu kitabu kilikuwa bado hakijakwisha. Sababu hiyo aliieleza mwenyewe katika barua aliyompelekea rafiki yake Ren An, na nionavyo mimi hakuna waraka katika fasihi ya dunia unaoonyesha kwa uwazi zaidi gharama ya kitabu kimoja.

Kitabu hicho, Shiji, kina sura 130: 12 za wafalme wakuu, 10 za majedwali, 8 za ilimu mbalimbali kama kalenda, muziki na mito, 30 za nyumba za kurithi, na 70 za wasifu. Hizi 70 ndizo zilizokuwa chuo cha wasimulizi. Kabla yake tarikhi ilikwenda kwa miaka. Sima Qian aliifanya iende kwa watu. Humo mna mawaziri na majemadari, lakini pia mna wafanya biashara, waganga, wachekeshaji wa barazani, wauaji wa kujitolea, na wale mashujaa wa mitaani waliotetea wanyonge kinyume cha sheria. Kila wasifu huanza kwa jina la mtu na mahali alipotoka. Aghalabu hufuata kisa kidogo cha ujana wake ambacho ndani yake imo tabia ambayo baadaye itamnyanyua au itamwangusha. Kisha mambo makubwa, kisha kifo. Na mwisho mwandishi hutokea kwa cheo chake, Bwana Mwandishi Mkuu, akatoa rai yake, na mara nyingine akasema kwamba amefika mahali pale, au amemwona mtu yule kwa macho yake. Umbo hilo tutaliona likirudi na kurudi mpaka karne ya 18, limebeba mizigo ambayo Sima Qian hakuiwaza.

Chukua habari ya Jing Ke, aliyetumwa mwaka 227 K.K. kumwua mfalme wa Qin, yule ambaye baadaye aliiunganisha Uchina yote. Jambia limefungwa ndani ya ramani. Ramani inakunjuliwa polepole mbele ya mfalme mpaka jambia linaonekana. Jing Ke anamshika mfalme mkono wa vazi, vazi linapasuka. Mfalme anakimbia akizunguka nguzo, upanga wake ni mrefu mno hautoki alani. Mawaziri hawana silaha kwa kuwa sheria inawakataza kuingia nazo, na walinzi walioko chini ya ngazi hawawezi kupanda bila amri. Tabibu wa mfalme anamtupia muuaji mfuko wa dawa. Na watu wanampigia mfalme kelele auweke upanga mgongoni ili upate kuchomoka. Hakuna mtunga riwaya ambaye angetaka kuongeza neno hapo. Na mwisho wa sura Sima Qian aeleza sanadi ya habari yake: wako watu wawili waliomjua tabibu yule, wakayasikia mambo yale kwake, nao ndio waliomsimulia. Msomaji wa pwani, aliyezoea kuona hadithi ikitanguliwa na majina ya waliopokezana, atautambua mara moja uzito wa maneno hayo.

Mwandishi yuyo huyo, hata hivyo, anapofika kwa Xiang Yu, yule shujaa aliyeshindwa mwaka 202 K.K., anatuingiza ndani ya hema usiku wa mwisho, maadui wamezunguka kila upande, shujaa anakunywa, anaimba mbele ya mkewe Yu na farasi wake, analia, na watumishi wote hawathubutu kuinua nyuso. Usiku ule ule anatoka na wapanda farasi wake, na mwisho wa mkimbio huo ni kifo chake. Mtawa mmoja wa dini ya Budha katika karne ya 17 aliuliza: katika saa kama ile wimbo uliimbwa lini, na kama uliimbwa, nani aliusikia akapona aje kuuandika? Sima Qian hakutaja sanadi. Nami nasadiki kwamba hakuidanganya tarikhi. Aliona kwamba mtu huyu asingeweza kufahamika bila ya usiku ule, akamsemea aliyenyamazishwa, kama Zuozhuan ilivyomsemea Chu Ni.

Ukoo wa Han ulipokuwa ukisonga mbele, Ban Gu, aliyeishi tangu 32 hata 92, aliandika tarikhi ya ukoo huo, na ndani yake akatia orodha ya vitabu vyote vya maktaba ya mfalme. Aliyagawa madhehebu ya fikira kuwa 10, na la kumi, la mwisho kabisa, ni la wasimulizi wa mambo madogo, akiliwekea vitabu 15. Alisema kwamba asili yao ni maofisa wa vyeo vya chini waliokusanya mazungumzo ya njiani na porojo za vichochoroni, na kwamba katika madhehebu 10 yale yanayostahili kutazamwa ni 9. Hukumu hiyo ni kali, lakini ina maana ambayo haionekani upesi: katika macho ya mwenye orodha, hekaya haikuwa sanaa mbali na tarikhi, bali ilikuwa tarikhi ya daraja la chini, habari iliyookotwa na mtu asiye na cheo. Basi msomaji aliyetaka kuitukana aliiita uwongo, na mwandishi aliyetaka kuitetea aliapa kwamba ameisikia kwa mtu mkweli. Mtu aseme tu kwamba nimeitunga, nanyi ifurahieni, kusema huko kulikuwa hakujapata mahali pa kusimama.

Kwa hiyo si ajabu kwamba mkusanyaji mkubwa wa habari za mizimu katika karne ya 4, Gan Bao, alikuwa mwandishi wa tarikhi wa baraza la ukoo wa Jin (si ile dola ya kale), mtu yule yule aliyetunga tarikhi ya ukoo huo. Kitabu chake Soushen ji kina maiti wanaofufuka, vichwa vinavyoruka usiku, na wachumba wanaokutana baada ya kufa. Na katika dibaji yake anazungumza kama mwenye taaluma, kwamba hata waandishi wa zamani walihitilafiana juu ya tukio moja lililoonwa na wengi, na kwamba ikiwa yeye amekosea basi yu radhi kulaumiwa pamoja nao. Na nia yake ni kuthibitisha kwamba mambo ya roho si ya kubuniwa. Liu Tan, mtu wa zama zake, alimwita Dong Hu wa mizimu. Wakusanyaji wa orodha ya vitabu ya ukoo wa Sui, katika karne ya 7, waliviweka vitabu vya namna hii katika fungu la tarikhi, chini ya wasifu mchanganyiko. Na wale walioiandika tarikhi ya ukoo wa Jin kwa amri ya mfalme Taizong wa Tang hawakuona haya kuchota humo, jambo ambalo Liu Zhiji, hakimu mkali wa waandishi wa tarikhi, alililaani katika Shitong yake ya mwaka 710. Ilikuwa mpaka mwaka 1060, Ouyang Xiu na wenzake walipomaliza tarikhi mpya ya ukoo wa Tang, ndipo vitabu vya mizimu vilipotolewa katika rafu ya tarikhi vikapelekwa kwenye rafu ya hekaya. Wengine huliona hilo kuwa ni jambo la makarani wa maktaba. Mimi naliona kuwa ni moja ya siku kubwa za fasihi ya Uchina, kwa kuwa tangu siku ile kisa cha mwanamke aliyefufuka hakikulazimika tena kuwa kweli ili kipate mahali pa kukaa.

Watunzi, kama ilivyo desturi yao, walikuwa wamewatangulia makarani. Katika mwaka 781 Shen Jiji, aliyekuwa mmoja wa waandishi wa tarikhi wa baraza la Tang, alisafiri kwa mashua pamoja na marafiki kuelekea kusini. Usiku na mchana walisimuliana mambo ya ajabu, na alipowaeleza habari za Ren, mbweha aliyejigeuza mwanamke akawa mwaminifu kuliko wanawake wa kibinadamu, wakamwomba aiandike. Yote hayo anayasema mwenyewe mwishoni mwa kisa, akiwataja wenzake kwa majina na vyeo. Jina la kisa ni wasifu; mwanzo wake ni wa wasifu; mwisho wake ni wa Bwana Mwandishi Mkuu; na katikati yake mna mapenzi, wivu, na kifo cha mbweha aliyekamatwa na mbwa njiani, na nguo zake zimebaki juu ya tandiko la farasi. Yuan Zhen, mshairi mashuhuri, alifanya vilevile alipoandika wasifu wa Yingying, binti aliyeachwa na mpenziwe. Na Han Yu, bingwa wa nathari ya Tang, aliandika wasifu wa kalamu ya manyoya ya sungura kama kwamba ni waziri aliyezeeka katika utumishi, akamalizia kwa rai ya Bwana Mwandishi Mkuu. Mwandishi mmoja wa karne ya 9, Li Zhao, alipotaka kumsifu Shen Jiji kwa kisa chake kingine, cha mtu aliyeota maisha mazima juu ya mto wa kulalia, na kumsifu Han Yu kwa wasifu wake wa kalamu, hakupata sifa kubwa kuliko kusema kwamba visa hivyo vinaonyesha kipaji cha mwandishi mwema wa tarikhi.

Mbali na wasomi hao, yalikuwapo mabaraza ya mjini. Meng Yuanlao, aliyeukumbuka mji wa Kaifeng kwa uchungu baada ya kutekwa mwaka 1127, anawataja wasimulizi kwa majina: Huo Sijiu alisimulia habari za Madola Matatu, na Yin Changmai za Koo Tano. Walikuwa mabingwa wa tarikhi kwa watu wasiojua kusoma. Su Shi, mshairi wa karne ya 11, ameandika alivyosimuliwa na mtu aitwaye Wang Peng kwamba watoto watundu wa mtaani, wakichosha nyumbani, hupewa pesa wakakae kusikiliza. Na wakisikia kwamba Liu Bei, mmoja wa watawala wa Madola Matatu, ameshindwa hukunja nyuso, wengine wakalia, na wakisikia kwamba adui yake Cao Cao ameshindwa hushangilia. Jambo hilo lafaa kuzingatiwa, kwa maana Sima Guang, aliyekuwa hai wakati huo huo, alipokamilisha mwaka 1084 tarikhi yake ya juzuu 294, aliihesabu miaka ya zama zile kwa ufalme wa Wei, ulioasisiwa na mwana wa Cao Cao. Mtaani hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa kwa upande mwingine, nayo ndiyo iliyoshinda.

Ushindi huo unaonekana katika riwaya ya Madola Matatu, Sanguo yanyi, inayonasibishwa na Luo Guanzhong, ambayo chapa yake ya kale kabisa iliyobaki ni ya mwaka 1522. Ukurasa wake wa kwanza haukuficha ukoo wake: umemtaja Chen Shou, aliyeandika tarikhi ya madola hayo katika karne ya 3, kisha ukamtaja Luo Guanzhong kuwa ni mpangaji. Na Chen Shou alikuwa mwandishi wa maneno machache, hata mfalme wa karne ya 5 akamwamuru Pei Songzhi aijazie tarikhi ile; naye katika mwaka 429 alileta sherehe iliyochota kwenye vitabu zaidi ya 200, akaandika hata yale asiyoyasadiki, mradi aonyeshe kwa nini hayasadiki. Uaminifu huo wa Pei Songzhi ndio uliokuwa neema ya wasimulizi. Alinakili kisa cha Zhuge Liang, waziri wa Liu Bei, aliyefungua malango ya ngome isiyo na askari, adui akashuku hila akarudi nyuma, kisha akakikanusha kwa hoja moja nzito, kwamba Sima Yi, yule adui, wakati ule alikuwa mahali pengine kabisa. Wasimulizi wakakichukua kisa, wakaiacha hoja.

Namna walivyozigeuza habari inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu kuna kanuni ndani yake. Tarikhi inasema kwamba Hua Xiong, jemadari wa dhalimu Dong Zhuo, alikatwa kichwa na jeshi la Sun Jian. Riwaya inampa Guan Yu, jemadari wa Liu Bei, tendo hilo, naye anarudi na kichwa mkononi kabla ya mvinyo aliomiminiwa haujapoa. Tarikhi inasema kwamba Liu Bei mwenyewe ndiye aliyemfunga mkaguzi mwenye kiburi akampiga fimbo 200. Riwaya inaihamisha fimbo mkononi mwa Zhang Fei, jemadari wake mwingine, ili Liu Bei abaki mpole. Pei Songzhi alinakili habari ya mwaka 213, kwamba mashua ya Sun Quan, mtawala wa dola ya Wu, ilipigwa mishale upande mmoja hata ikainama ikataka kuzama, akaigeuza ipigwe upande wa pili, ikasimama sawa, akaenda zake. Katika chapa ya wasimulizi ya miaka ya 1321 hata 1323 mishale inapokewa kwa makusudi, na mwenye hila ni Zhou Yu, jemadari wa Sun Quan. Katika riwaya mwenye hila ni Zhuge Liang, usiku una ukungu, na zile mashua zimejazwa watu wa majani, zikarudi na mishale zaidi ya 100,000 aliyokuwa ameahidi kuileta kwa siku 3. Kila tendo limeondolewa kwa yule aliyelitenda kwa bahati likapewa yule ambaye linamfaa kwa tabia. Hiyo ndiyo kazi ya Sima Qian ya kukifanya kisa kidogo kiwe kioo cha mtu mzima, isipokuwa sasa kioo kimeruhusiwa kuvuka kutoka mtu hata mtu.

Zhang Xuecheng, mwanafalsafa wa tarikhi wa karne ya 18, aliilalamikia riwaya hiyo kwa kuwa sehemu 7 zake ni kweli na 3 ni za kubuni, akaona afadhali ya vitabu ambavyo ni uwongo mtupu, kwani havimpotezi mtu. Lu Xun, katika tarikhi yake ya hekaya za Kichina aliyoichapisha mwaka 1923 na 1924, aliilaumu kwa kosa jingine, kwamba wema wa Liu Bei umezidi mpaka unashabihi unafiki, na akili za Zhuge Liang zimezidi mpaka zinashabihi uchawi. Naona Lu Xun amelenga vizuri zaidi. Tarikhi ilipompa mtunzi kiti cha hakimu ilimpa pia hatari ya kuhukumu mapema, na mtu aliyekwisha kuhukumiwa hana tena nafasi ya kutushangaza.

Majambazi wa riwaya ya Shuihu zhuan walikuwa na bahati zaidi, kwa kuwa tarikhi iliwataja kwa uchache. Tarikhi ya ukoo wa Song, iliyokamilika mwaka 1345, inasema kwa mistari michache kwamba Song Jiang na watu 36 walizunguka huku na huko bila ya majeshi ya serikali kuthubutu kuwakabili, kisha akasalimu amri. Kutokana na punje hiyo wakatoka watu 108, na sehemu kubwa ya riwaya imejengwa kama mfululizo wa wasifu: Lu Zhishen, kisha Lin Chong, kisha Wu Song, kila mmoja akimkabidhi mwenzake msomaji. Jin Shengtan, aliyeitoa upya mwaka 1641 pamoja na maelezo yake, aliiweka rafu moja na Shiji, akapambanua tofauti kwa namna ambayo sijaona aliyemshinda: Sima Qian alikuwa na matukio, naye akayachukuza kwa maandishi, mtunzi wa Shuihu zhuan alikuwa na maandishi, nayo yakayazaa matukio, kwa hiyo kalamu yake ilikuwa huru kukata na kuongeza. Baada ya miaka 1,000 na zaidi mtu alisema waziwazi kwamba kubuni si upungufu wa tarikhi bali ni uhuru ambao tarikhi haina. Jin Shengtan aliuawa kwa amri ya serikali mwaka 1661, kwa jambo lisilohusu vitabu. Zhang Zhupo aliifuata njia yake mwaka 1695, akisema juu ya Jin Ping Mei kwamba Shiji huandika wasifu za mtu mmoja au za watu kadhaa, kila moja mbali, bali riwaya hii huandika wasifu mmoja kwa watu mia, wote wakiishi nyumba moja kwa wakati mmoja. Na kwa maneno hayo ameeleza jinsi riwaya ya nyumba na ndoa ilivyotoka katika tumbo la wasifu.

Deni lilikuwa bado. Pu Songling, mwalimu maskini wa Shandong aliyefariki mwaka 1715, aliacha visa karibu 500 vya mbweha na mizimu, Liaozhai zhiyi, na mwishoni mwa vingi kati yake hutokea akijiita Mwandishi wa Tarikhi wa Mambo ya Ajabu, kwa kumfuata Sima Qian. Ji Yun, yule yule aliyeuliza juu ya Chu Ni, hakuridhika. Mwanafunzi wake Sheng Shiyan amenakili shutuma yake: kama mtu anaandika aliyoyasikia, basi minong'ono ya wapenzi na ishara zao za faragha ameyapata wapi? Wenyewe hawawezi kuwa wamemsimulia, naye hakuwapo. Ji Yun hakuwa mjinga wala adui wa hekaya, kwani aliziandika mwenyewe, fupi na safi; aliitetea kanuni ya Ban Gu mpaka siku ya mwisho, na kwa kanuni hiyo hoja yake haijibiki.

Jibu lilikuwa limekwisha andikwa, na huenda likapita mbele ya macho yake. Cao Xueqin, aliyekufa mapema katika miaka ya 1760, aliianza riwaya yake Hongloumeng kwa mabishano. Jiwe moja lililoachwa na mungu wa kike alipoziba mbingu limechukuliwa duniani, likaishi kama kito mwilini mwa kijana Jia Baoyu, kisha likarudi mlimani na habari yote imechorwa juu yake. Mtawa apitaye anaisoma, anatoa makosa mawili: haina jina la ukoo wa wafalme wala mwaka, na haina mawaziri wema wala siasa njema, ila mabinti kadha wa kadha. Ni mashtaka ya Ban Gu. Jiwe linajibu kwamba kubandika jina la Han au Tang ni rahisi kwa yeyote, na wote wamefanya hivyo, kwa hiyo kutofanya ndiko kupya. Na kwamba mabinti wale limewaona na kuwasikia lenyewe katika nusu ya umri wake. Hapo shahidi amepatikana. Hakutoka nje ya kisa, hakutajwa kwa cheo wala kwa mji, hakupokea kwa tabibu wa mfalme. Alikuwapo chumbani, amening'inia shingoni mwa kijana, na ameumbwa na yule yule aliyewaumba wanaonong'ona.

Kitabu kilichapwa mwaka 1791, na wasomaji wa Uchina, waliolelewa na Sima Qian, hawakukubali kwa urahisi kwamba tarikhi imeondoka. Katika mwaka 1917 Cai Yuanpei alitoa uchunguzi wake, akiwatafuta nyuma ya mabinti wale wanachuoni wa enzi ya mfalme Kangxi, mmoja mmoja, kwa majina na vyeo. Katika mwaka 1921 Hu Shi akampinga, akayachunguza maandishi ya zamani, nasaba na kumbukumbu za dola, akaipata familia ya mtunzi: babu yake Cao Yin, msimamizi wa viwanda vya hariri vya mfalme mjini Nanjing, aliyempokea Kangxi nyumbani kwake katika safari 4 za kusini, na ambaye ukoo wake ulinyang'anywa mali zake zote kabla Cao Xueqin hajapevuka.